Kwenda Bara Kutazama Wanyama

Katika darasa letu la usiku wa kuamkia Ijumaa kulizuka neno ambalo lilianza dogo, kisha likakua hata likakaribia kutugawa. Vijana wetu walikuwa wakiweka akiba kwa muda wa miezi kumi, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, na sasa walitaka fedha zile zitumike kwa safari ya Nakuru, wakatazame wanyama wa mwitu katika mbuga ya ziwa na katika misitu iliyo jirani nayo. Mzee wetu mmoja, ambaye ni katika waasisi wa darasa hili na ambaye sote twamwita Baba, alisimama kwa taabu juu ya bakora yake akasema: "Mna yatima katika mtaa huu ambao ada zao za skuli hazijalipwa, nanyi mwataka kusafiri zaidi ya kilomita 600 mkalipe mlangoni ili mumwone kima? Kima wa hapa ana kasoro gani?"

Watu walicheka, lakini kicheko hakikudumu. Kijana mmoja alijibu kwa adabu kwamba Kitabu chetu kimetuamrisha tutembee katika ardhi na tutazame, na kwamba kimetuhimiza khasa tumtazame ngamia jinsi alivyoumbwa. Mzee akamwambia: "Ngamia, mwanangu, yuko pwani ya Nyali, watoto humpanda siku za sikukuu. Nauli ya kumwendea ni ya matatu moja tu."

Hapo nikaulizwa mimi. Nilisema kuwa wanazuoni wetu wametufundisha kwamba hukumu juu ya kitu hufuata kukijua kitu chenyewe, nami katika umri wangu wa miaka arobaini na sita sikuwa nimemwona mnyama wa mwitu mkubwa kuliko nguruwe aliyeniharibia mihogo yangu. Ikakubaliwa basi kwamba akiba ya darasa isiguswe, na kwamba wachache wetu twende kwanza kwa fedha zetu wenyewe, kisha turudi tueleze. Tulikwenda watu watano: mimi, vijana watatu, na mjukuu wa yule mzee, mtoto wa miaka kumi na miwili, ambaye babu yake alimtuma awe jicho lake, kwani jicho la sheikh, alisema, hulionea huruma lile linalolipendeza. Haya niyaandikayo ndiyo maelezo niliyoahidi kuyatoa.

Nakuru ni mji wa baridi kwa sisi watu wa joto, nao una Waislamu wa asili nyingi: Wanubi, Wasomali, Wahindi, na Waswahili ambao wazee wao walipanda bara wakati wa kujengwa reli. Kwa ukarimu wao hatukulala hotelini hata usiku mmoja. Ziwa liko kusini ya mji, karibu mno, hata mtu akitoka sokoni hujikuta langoni kabla hajamaliza mazungumzo yake. Serikali ililifanya ziwa hilo makimbilio ya ndege mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1968 ikawa mbuga ya taifa. Leo mbuga hiyo ina ukubwa wa kilomita za mraba 188 hivi, na yote imezungushiwa ua wa nyaya za umeme.

Vijana walitarajia kuwaona heroe, wale ndege wenye miguu mirefu ambao wengi huwaita flamingo. Picha za zamani zaonyesha ufuo wote umekuwa wa rangi ya waridi kwa wingi wao. Sisi tuliona wachache, wametawanyika kama maua yaliyobaki baada ya harusi. Sababu yake ni hii. Chakula cha heroe ni mwani mdogo sana usioonekana kwa jicho, na mwani huo huota katika maji yenye magadi makali. Tangu yapata mwaka 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakijaa, maji mengi yamepunguza ukali wa magadi, mwani umepungua, na ndege wamehamia kwingine, wengi wao kwenye ziwa la Bogoria. Lango kuu la zamani la mbuga limemezwa na maji. Migunga mirefu imekufa ikiwa imesimama ndani ya ziwa, mieupe kama mifupa, na mwari wamejenga juu yake. Upande wa mji maji yalifika hata kwenye nyumba za watu, wakahama.

Mtoto akaniuliza: "Sheikh, basi ua huu wa umeme unazuia nini, ikiwa maji yameingia na ndege wametoka?" Nilimwambia unazuia majangili wasiwafikie vifaru. Jawabu hilo lilikuwa sahihi, lakini naona swali lake lilikuwa kubwa kuliko jawabu langu.

Ama hao vifaru, ndio ninaotaka kuwaeleza kwa urefu kidogo, kwani kwao nilipata aibu mbili.

Ya kwanza ni hii. Tuliwaona wawili, mama na mwanawe, wamelala kivulini chini ya mgunga wakati wa adhuhuri. Dereva alisimamisha gari mbali nao kidogo akazima mashine. Vijana walinyanyua simu zao, kila mmoja akapiga picha, na nina yakini kwamba mmoja wao hakumwona kifaru kabisa ila katika kile kioo chake. Mimi nami nikaingiwa na tamaa. Nikamwambia dereva asogee. Akasema hapo panatosha. Nikamwambia tena, na nikatumia sauti ile tunayoitumia wenye vilemba tunapotaka tusikatazwe. Maskini akawasha mashine akasogea. Yule mama akaamka, akatutazama kwa muda, kisha akamtoa mwanawe kivulini akampeleka juani, wakaenda zao polepole mpaka wakapotea katika majani.

Hakuna aliyesema neno. Lakini mimi nilikumbuka jambo ambalo nimelisomesha mara nyingi bila ya kulifikiri. Katika hukumu za Haramu ya Makka ni kwamba windo lake halifurushwi. Na Ikrima, mwanafunzi wa Ibn Abbas, alipoeleza maana ya kufurusha, hakutaja mikuki wala mbwa. Alisema ni kumwondoa mnyama kivulini ili ukae wewe mahali pake. Miaka ishirini nimelisoma neno hilo nikaliona ni udogo wa wafasiri, kupasua unywele mara mbili. Siku ile nililiona kwa macho. Najua Nakuru si Makka, wala sidai kwamba hukumu ya Haramu yavuka bahari. Nasema tu kwamba Ikrima alijua mwanzo wa maudhi ulipo, na mimi sikuujua.

Aibu ya pili iliniletea mtoto. Askari wa wanyama alikuwa ametueleza kwamba mwaka 1970 Kenya ilikadiriwa kuwa na vifaru weusi 20,000, na kwamba ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1980 hawakufika 400. Ndiyo sababu mwaka 1987 Nakuru ikafanywa hifadhi yao maalumu, wakaletwa kutoka kwingine wakawekwa ndani ya ua. Mtoto akauliza pembe zote hizo zilikwenda wapi. Askari akasema nyingine zilikwenda mashariki ya mbali kufanywa dawa, na nyingi katika miaka ya 1970 zilikwenda Yemen, ambako matajiri wapya wa fedha za mafuta walizitaka kwa mipini ya jambia. Mtoto akanigeukia mbele ya watu wote akasema: "Kama ile iliyotundikwa ukutani kwenu?"

Naam, kama ile. Babu yangu mzaa mama alikuja nayo kutoka Hadhramaut, na mpini wake una rangi ya asali, mtu akiuelekeza kwenye taa huona mwanga ndani yake. Tangu utotoni mwangu wageni huonyeshwa. Ni kweli kwamba babu aliinunua zamani kabla ya msiba huo, na ni kweli kwamba mimi sikumuua mnyama. Lakini pembe za ndovu na za vifaru zimepita katika bandari za pwani yetu kwa karne nyingi, na wazee wetu walipata riziki kwazo, na baadhi ya nyumba tunazozisifu kwa milango yake zilijengwa kwa faida hiyo. Mtu wa pwani akisimama mbele ya kifaru asijifanye mgeni asiyehusika. Jambia nimeiondoa ukutani. Imo sandukuni, na sijui nifanye nini nayo: kuiuza sheria yakataza, kuizika ni kupoteza kumbukumbu ya mtu mwema, na kuitundika tena moyo wangu haunipi.

Sasa nirudi kwenye swali la mzee wetu. Aliuliza juu ya fedha, na wengi wetu tukadhani swali ni kama kutazama ni halali au si halali. Hilo ni jepesi. Kutazama alichokiumba Mwenyezi Mungu kwa moyo wa kuzingatia ni jambo tuliloamrishwa, wala hapana mwanachuoni ninayemjua aliyelikataza. Tumefundishwa kwamba wanyama na ndege ni umma mfano wetu, na mtu kuutembelea umma mwingine si upuuzi. Wazee wetu waliandika vitabu vikubwa juu ya wanyama. Kile cha Damiri, mwanachuoni wa Misri aliyekufa mwaka 1405, kimo katika makabati ya mashekhe wengi. Uzito uko pengine. Kila mahali palipofungwa ili wanyama wakae, pana mtu aliyetolewa. Je, nani alitolewa, kwa haki gani, na mimi niliyelipa mlangoni nimenunua nini?

Ardhi ya kandokando ya ziwa la Nakuru ilikuwa malisho ya Wamasai. Mwaka 1904 Waingereza waliwatia saini wazee wao katika mapatano yaliyowaondoa katika Bonde la Ufa la kati ili mashamba yapewe walowezi wa Kizungu. Kwa hiyo kabla ya ua wa kifaru palikuwa na ua wa ng'ombe wa mlowezi, na kabla yake hapakuwa na ua. Lakini hayo ni ya zamani, na wenyewe wametawanyika. Ya leo tuliyakuta juu ya mlima.

Miongoni mwa mito imiminayo katika ziwa la Nakuru ni mto Njoro, nao watoka katika msitu wa Mau, upande wa mashariki. Tuliufuata mto kwa gari mpaka Mariashoni, ambako msitu wa asili umebaki vipande vipande, mitarakwa mirefu yenye ndevu za ukungu, na katikati yake mashamba ya viazi na miti ya kupandwa ya serikali iliyosimama kwa mistari kama safu za jamaa. Hapo wanaishi Waogiek, watu ambao tangu zama zao walikaa msituni wakiweka mizinga juu ya miti na kufuata asali kwa majira, bondeni na mlimani.

Mzee mmoja wao alitukaribisha. Alitupa asali katika bakuli la bati, nyeusi, yenye moshi ndani yake, na sijaonja mfano wake. Akauliza tumetoka wapi. Tukamwambia Mombasa, tumekuja kutazama wanyama. Akanyamaza kidogo kisha akasema kwa Kiswahili chake kizuri: "Mgeni akiingia kwenye mji wa watu, humuuliza kwanza mwenye nyumba. Nyinyi mlipolipa huko chini, mliuliza mwenye nyumba yuko wapi?"

Nikamwambia: "Mzee wangu, hatukuuliza." Akasema: "Basi si neno, leo mmemwona."

Khabari za watu hawa zajulikana na zimeandikwa. Mwezi wa Oktoba 2009 walipewa ilani ya siku 30 watoke katika msitu wa Mau kwa hoja ya kuuhifadhi. Wakashitaki, na kesi ikafika katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama iliamua kwamba serikali ya Kenya imevunja haki zao, na ikasema wazi kwamba uharibifu wa msitu haukuthibitishwa kuwa ni kazi yao. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi 157,850,000, na ardhi yao ya asili itambuliwe kwa hati ya pamoja. Na baada ya yote hayo, mwezi wa Novemba 2023 nyumba za Waogiek zilibomolewa tena huko Sasimwani, upande wa Narok.

Tazama sasa ajabu ya mambo. Mwaka 2001 serikali iliyokuwapo ilitoa katika hifadhi zaidi ya hekta 60,000 za misitu ya nchi nzima, na zaidi ya nusu yake ilikuwa ya Mau Mashariki peke yake. Ikagawanywa kuwa mashamba. Wako maskini waliopata, na wako wakubwa waliopata zaidi. Miti ikaanguka, na mito ikabadilika: wakati wa kiangazi hukauka, wakati wa mvua huja na udongo wote wa mlima. Kisha ilipotakiwa mtu wa kulaumiwa, mlina-asali naye akatiwa katika orodha.

Mimi si mwanasheria wa serikali, lakini katika fiqihi yetu jambo hili lina mlango wake, na ni mlango tusioufungua sana. Jina lake ni hima, yaani ardhi iliyofungwa. Katika Jahiliya mkubwa wa Kiarabu alikuwa akifika mahali penye malisho mazuri humbwekesha mbwa wake, na mpaka sauti ilipoishia pande zote pakawa pake, hapana mwingine achungaye. Hivyo ndivyo alivyofanya Kulayb bin Rabia, na wapokezi wasema vita vya Basus, vilivyopiganwa miaka arubaini, vilitoka katika ngamia mmoja aliyeingia katika malisho yake akapigwa mshale. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliibatilisha hima ya namna hiyo, akaibakisha ile iliyo ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake, yaani ya maslaha ya watu wote, naye mwenyewe akaifunga Naqii karibu na Madina kwa ajili ya farasi wa Waislamu.

Kisha akaja Sayyidna Umar. Alipomweka mtumwa wake aliyemwacha huru, jina lake Hunayy, kuwa mlinzi wa hima, alimpa wasia uliopokewa katika Bukhari. Maana yake ni kwamba amwingize mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Ibn Auf na ya Ibn Affan. Hao wawili, nao ni katika masahaba wakubwa na matajiri, mifugo yao ikifa watarudi kwenye mitende yao na mashamba yao. Bali yule mwenye vichache, vikifa atamjia Khalifa na watoto wake wakilia, na Khalifa hatakuwa na la kumjibu. Na akaongeza jambo ambalo sijamsikia mtawala wa zama zetu akilisema: kwamba wenyeji wataona amewadhulumu, na wana haki ya kuona hivyo, kwa kuwa nchi ni yao, waliipigania kabla ya Uislamu na wakasilimu nayo ikiwa mikononi mwao.

Ndugu msomaji, soma tena kwa utulivu. Mtu amefunga ardhi kwa haki, kwa haja ya kweli, na bado akiri kwamba aliyefungiwa ana neno. Na mlango akauacha wazi kwa mnyonge, akauziba kwa mkubwa. Katika Mau mlango uliachwa wazi kwa mkubwa.

Hapa pana vijana wetu wawili walioruka wakasema: basi msitu wote ufunguliwe, kila mtu arudi. La hasha. Ulinzi ukiondoka, mwenye msumeno wa mashine huwahi kabla ya mwenye mzinga. Na wale waliopewa mashamba mwaka 2001, wengi wao ni watu wa kawaida walioshika hati mikononi na kuzaa watoto hapo. Na wengine mfano wao serikali iliwafukuza mwaka 2018 na 2019 katika sehemu za Mau upande wa Narok, watoto wakalala nje katika baridi ile. Kumdhulumu huyu ili kumlipa yule si uadilifu. Sina dawa ya jambo hili, na ninamshuku kila asemaye anayo. Lakini najua mizani: ardhi hufungwa kwa haja, kwa kadiri ya haja, na mnyonge aliyeitegemea hawi wa kwanza kutolewa. Mbona wavuvi wa kisiwa cha Misali huko Pemba walisomeshwa na mashekhe wao, wakaelewa kwa dini yao wenyewe kwa nini sehemu ya bahari ifungwe na sehemu iachwe kwao? Na jirani zetu Wamijikenda misitu yao ya kaya wameilinda kwa karne nyingi bila ya waya wa umeme. Sikubaliani na itikadi zao, lakini miti ipo.

Siku ya mwisho tulikwenda Eburu, msitu mdogo wa hekta 8,700 hivi juu ya mlima kati ya Naivasha na Elementaita. Umezungushiwa ua wa umeme wa kilomita 43, uliomalizika mwaka 2014. Humo wamo wachache katika bongo wa mlimani, paa mkubwa mwekundu mwenye mistari myeupe ubavuni, ambao katika mwitu wa Kenya, na hapana pengine duniani wapatikanapo katika mwitu, hawafiki mia. Baadhi ya wazee wao walikamatwa zamani wakapelekwa Marekani katika bustani za wanyama, na sasa vizazi vyao vyarudishwa: 18 mwaka 2004, na 17 kutoka Florida mwezi wa Februari 2025, wakapokewa uwanja wa ndege na mawaziri. Nilifurahi kuisoma khabari hiyo. Kisha nikasema moyoni, yule mlina-asali akirudi kwake hupokewa na nani?

Tulitembea kwa miguu saa nne nyuma ya kiongozi, katika mianzi na matope. Tuliwaona mbega wakiruka juu, na kinyesi cha nyati ambacho kiongozi alikigusa kwa mkono akatuonya tunyamaze. Bongo hatukumwona. Kiongozi alisema yeye mwenyewe, kwa miaka yote aliyofanya kazi humo, amemwona mara mbili. Alituonyesha wayo mmoja tu penye udongo laini, umejaa maji. Vijana walinuna. Mtoto alichutama akautazama muda mrefu, wala hakupiga picha, kwani hakuwa na simu.

Tuliporudi nikayasoma maelezo haya mbele ya darasa. Mzee wetu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita mjukuu wake akamuuliza ameona nini. Mtoto akasema: "Nimeona kifaru akimtoa mwanawe kivulini kwa sababu ya sheikh, na nimeona alama ya mguu." Mzee akasema: "Nyinyi mmelipa nauli ya kilomita 600 ili mwone alama ya mguu." Nikamwambia ndiyo, na asali. Akaomba aonjeshwe asali. Nilikuwa nimechukua chupa moja kwa bei aliyoitaja yule mzee, bila ya kumpunguza.

Shauri lililokatwa na wengi ni hili. Ada za yatima wanane zitatolewa kwanza katika akiba, zote, na risiti zionyeshwe. Kitakachobaki kitakuwa cha safari wakati wa likizo ya skuli ya mwezi wa Aprili, na wanaotaka kwenda wataongeza kwa mifuko yao. Mzee wetu hakukubali. Asema bado ni israfu, na kwamba hoja yangu ya hima yamuunga mkono yeye kuliko mimi, kwani mwenye kujua haya na akaenda tena kulipa mlangoni ameshirikiana na waliofunga. Sikuweza kuliondoa neno lake kwa ukamilifu. Nilimjibu kwamba asiyekwenda hatamuuliza mtu yeyote mwenye nyumba yuko wapi; akasema nanyi mlikwenda msimuulize mpaka alipowauliza yeye. Amekubali kuandika hoja yake, nayo itachapishwa hapa katika toleo lijalo bila ya kupunguzwa herufi.

Wanaotaka kusafiri wampe majina yao mweka hazina kabla ya mwisho wa mwezi. Safari hii itaanzia Mariashoni, kisha ndiyo tuteremke ziwani. Kila mtu achukue koti zito na viatu vya kufunga. Asichukue mtu chakula cha kuwatupia nyani, na atakayekaa kiti cha mbele karibu na dereva si mimi.